Spika za Tarumbeta na Sauti ya Nne

Jumatatu, 3 Juni

Daftari rafiki, Bwana asifiwe. U hali gani? Natumaini u mzima, kurasa zako zimeshikana vizuri na pini zako hazijapata kutu. Mimi sijambo. Mgongo kidogo tu, na huo ni wa mabeseni, simlaumu mtu.

Najua hunifahamu. Mimi ni dobi. Nafulia uani, napiga pasi sebuleni. Wewe ulikuwa daftari la mwanafunzi. Mama Watoto ni mwalimu wa darasa la nne, na mwaka ukiisha huleta nyumbani madaftari yaliyobaki nusu. Kurasa zako za mwanzo zina hesabu za mtoto fulani na wino mwekundu wa Mama Watoto. Zilizobaki nilipewa niorodheshe mashuka ya wateja. Leo nakupa kazi ya heshima zaidi.

Sababu ni hii. Jana Mchungaji alihubiri juu ya tamaa ya macho. Alisema mtu akitamani kitu kikubwa aandike, aombe, asubiri siku saba. Mama Watoto alinigusa kwa kiwiko aliposikia "aandike", akanigusa tena aliposikia "asubiri". Nimetii. Naandika. Siku saba zitaisha Jumapili. Mchungaji hakusema kwamba katika siku hizo mtu asiende kuangalia.

Ninachotamani ni spika. Si hizi ndogo za mezani. Spika za tarumbeta, zile kubwa, sauti inatokea kwenye mdomo uliopanuka kama ua. Za kusikilizia nyumbani, mimi na kiti changu.

Usinicheke. Miaka ishirini na mitano iliyopita kwaya yetu ilirekodi kaseti. Tulikuwa kumi na wanane. Mimi sauti ya nne, ile nene ya chini kabisa. Tangu siku ile sijajisikia hata mara moja. Redio ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya kuchaji aliyoniletea mwanangu, inalia kama nyuki ndani ya kopo. Sauti ya tatu ndiyo husikika popote, hata kwenye simu iliyopasuka. Na sauti ya tatu ni Shemeji, kaka wa Mama Watoto. Miaka yote hii anawaambia watu kwamba mimi nilikuwa nafungua mdomo tu, kama samaki aliyetolewa majini. Mama Watoto mwenyewe alikuwa sauti ya pili kwenye kaseti hiyohiyo. Nikimwuliza kama alinisikia, hutabasamu na kurudi kwenye kusahihisha.

Jumapili hii wanakwaya wa kaseti tuliobaki, watu kumi na mmoja, tunakutana kwetu baada ya ibada kuisikiliza. Nataka nisikike. Mara moja tu. Nisikike, Shemeji akome, nife nimeridhika.

Fundi Waya, yule wa redio pale jirani na duka la dawa, anasema mjini ziko jozi mbili tu. Moja iko kwenye ukumbi wa zamani wa sinema. Nyingine iko kwa Randa, seremala. Atanipeleka kote.

Nakuficha kwenye rafu ya nguo zisizo na wenyewe, chini ya koti la yule mteja aliyesema anarudi saa kumi. Mwaka wa nne sasa. Huko hakuna anayegusa.

Jumanne, 4 Juni

Ukumbi wa sinema unageuzwa ghala la magodoro. Viti vimeng'olewa, yamebaki mashimo ya misumari kwa safu, kama shamba lililovunwa. Mama mlinzi alitupitisha nyuma ya lile pazia kubwa jeupe. Huko nyuma, daftari, nilivua kofia.

Zipo mbili. Za chuma, rangi ya kijivu. Kila moja ina mdomo unaoweza kumeza mabeseni yangu mawili, kisha inakwenda nyuma ikizidi kuwa nyembamba mpaka inaishia kwenye tundu la ngumi. Kwenye tundu ndipo hufungwa kichwa, kidude kidogo kizito, ndicho kinacholia. Nikamwuliza Fundi Waya kitu kidogo vile kinajazaje ukumbi. Akaniambia nizungushie mikono mdomo nimwite mtu aliye mbali. Basi ni hivyohivyo, akasema, tarumbeta haiongezi pumzi, inaichunga tu isipotee. Amplifaya yake haizidi sanduku la viatu. Neno hilo la kuchunga pumzi nimeliweka moyoni. Nitalitumia kwenye maombi ya katikati ya wiki.

Tukaweka kaseti. Wimbo wa kwanza ni ule wa mlango. Una beti tatu. Katika wa kwanza tunabisha mlangoni kwa Bwana. Katika wa pili anatufungulia, tunaingia. Katika wa tatu tumeketi mezani pake.

Sauti ya tatu ikatoka kama mtu aliyesimama mbele yangu. Hata pumzi zake nilizisikia. Nikasikia na mtu anapenga kamasi nyuma yangu. Kugeuka, Shemeji. Amekaa juu ya rundo la magodoro, machozi yanamchuruzika. Siri kwa Fundi Waya ni maji kwenye kichujio.

Shemeji akatangaza kwamba hizi ndizo spika, hakuna haja ya kuzunguka zaidi. Nikamwuliza sauti ya nne iko wapi. Akanijibu, "Shem, sauti ya nne iko palepale ilipokuwa siku zote." Mama mlinzi alicheka mpaka funguo zikamlia kiunoni.

Kweli sikujisikia. Beti zote tatu. Palikuwa na mngurumo wa mbali, lakini Fundi Waya alisema huo ni wa lori la magodoro.

Mama mlinzi anasema atakayezibeba kabla ya Ijumaa jioni ni zake, la sivyo zinakwenda kuyeyushwa. Nikapima mdomo wa spika kwa kamba yangu mpya ya kuanikia, kamba ya pamba safi. Nikafunga fundo moja huku, fundo moja kule. Nimezipa jina: Madebe. Shemeji amekasirika.

Jumatano, 5 Juni

Kwa Randa. Njiani Shemeji alitufuata kwa hatua kumi nyuma, akijifanya anakwenda mahali pengine.

Hizi ni za mbao. Randa alimtengenezea mteja aliyehama kabla hazijakauka rangi. Zinanizidi kimo. Ukizitazama kwa mbele utadhani ni kabati lililosahauliwa milango. Tarumbeta yake iko ndani, njia ya sauti imekunjwa, inapanda, inashuka, inarudi, kama nyoka kwenye kikapu. Fundi Waya akaeleza kwamba sauti nene ina hatua ndefu, inataka njia ndefu na mdomo mpana, na kwa kuwa nyumba zetu hazina urefu huo, ndiyo maana njia inakunjwa. Nikahisi anaeleza maisha yangu.

Wakaweka kaseti. Vumbi la mbao likaanza kucheza sakafuni. Suruali yangu ilitikisika na upepo haupo. Sauti ya tatu ikawa imefunikwa kidogo, kama mtu anayeimba huku amejifunika shuka. Shemeji akasema mashine ni mbovu. Lakini chini kabisa, daftari, chini ya wote, kulikuwa na mtu.

Nikainama nikaweka sikio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikawa nakaribia kumjua mtu huyo, Randa akawasha msumeno. Anasema mkono ulikwenda wenyewe, ni mazoea ya kazi. Nilimsamehe baada ya muda kidogo.

Sasa kuchagua. Madebe yanatoa maneno, kila herufi peke yake. Makabati yanatoa uzito. Randa anasema kwake hataki kitu, ila nimfulie ovaroli zake mwaka mzima. Ovaroli hizo zina gundi, zinasimama wima zenyewe. Nimekubali. Lakini wageni watataka kusikia maneno pia. Njia mbili zilimshinda fisi, naye ana miguu minne.

Nilipima Makabati kwa kamba ileile. Fundo la tatu. Kamba ikaingia gundi na vumbi, na dobi haingii kwake na kamba chafu. Nimeichemsha kwa maji moto na sabuni, nikaisuuza, nikaianika. Imekauka nyeupe kama meno ya mtoto. Kesho napima mlango wetu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekuta maneno mekundu chini ya maandishi yangu ya jana: "Pima tena."

Kwanza moyo uliruka. Kisha nikakumbuka asili yako. Mwalimu alimwandikia yule mtoto kwenye hesabu zake za urefu, karatasi ni nyembamba, wino umepenya. Maskini mtoto.

Nimepima mlango. Madebe yanapita, zinabaki nafasi za vidole viwili. Makabati yanapita, kinabaki kidole kimoja. Nilipiga magoti palepale kizingitini nikashukuru. Mteja aliyeleta mashuka akapiga magoti pia, akidhani nimeangusha kitu.

Jambo la pili lilikuwa Mama Watoto. Nilimwambia wakati wa chai kwamba kesho litaletwa kabati. Akauliza kabati la nini. Nikasema la kazi. Akauliza lina milango mingapi. Nikasema halina milango, liko wazi, siku hizi ndivyo yanavyotengenezwa. Akauliza kimo. Nikasema kimo cha heshima. Akanywa chai yake yote, akasema kwa kweli nyumba inayopiga pasi nguo za watu inastahili kabati.

Si uongo. Ni kweli ambayo haijafunuliwa yote. Hata hivyo nimeomba msamaha mapema, isije kazi ikanizidi nikasahau.

Jioni pigo. Kwenye mazoezi ya kwaya Shemeji alisimama akatangaza kwamba Madebe anayachukua yeye, na kwamba Jumapili kaseti itasikilizwa kwake. Watu wakapiga makofi. Wamesahau kabisa kwamba maji ya chai ya Jumapili nimeshayachota mimi. Nikasimama nami nikasema kwangu kutakuwa na spika zenye uzito. Mmoja wa sauti ya kwanza akauliza, uzito wa kilo ngapi. Wakacheka mpaka Mwalimu wa Kwaya wetu, yule mzee mstaafu, akapiga meza.

Wakienda kwa Shemeji nimekwisha. Hawatakutana tena mpaka mwingine wetu azikwe.

Ijumaa, 7 Juni

Mtoto wa daftari hili alikuwa na matatizo makubwa. Leo nimekuta chini ya maandishi ya jana: "Si kweli. Njoo unione." Nimemwombea, popote alipo.

Mchana lori lilisimama mbele ya nyumba. Juu yake Madebe yote mawili, na juu ya Madebe Shemeji, amenyong'onyea. Mkewe amesema debe likiingia nyumbani kwake yeye atatoka, na alikuwa tayari ameshavaa viatu. Shemeji akaniomba nimhifadhie kwa siku chache, shem kwa shem. Nikasema nitafikiri. Nikafikiri kwa muda wa kutosha yeye kuteseka. Kisha nikakubali, kwa sharti kwamba Jumapili iwe kwangu. Bwana hutenda kwa njia zake, na nyingine hupitia kwa wake za watu.

Tukainua la kwanza. Watu wanne. Mdomo mbele, tundu nyuma. Mdomo uliingia kwenye fremu, ukagoma. Tukasukuma. Likaingia kidogo zaidi, likakaa kabisa, kama kizibo kwenye chupa. Halirudi, haliendi. Mimi nilikuwa upande wa ndani nikivuta. Nikaitoa kamba, nikapima: kwa kamba spika inapita. Kwa macho haipiti. Randa, aliyekuwa nje na Makabati yake kwenye mkokoteni, akaomba kamba kupitia dirishani. Akaipima kwa futi yake ya chuma. Akauliza kama kamba hii imewahi kupata maji ya moto.

Daftari, nimefua pamba miaka thelathini. Nimewahi kumrudishia mtu suruali akampa mwanawe. Najua pamba mpya inavyopungua ikichemka. Najua. Basi.

Wale wa nje wakaenda kutafuta patasi na nyundo. Nikabaki ndani peke yangu na mdomo wa spika umenikodolea. Nikaketi juu ya taulo za wateja. Nikaanza kuomba: Bwana, kama jambo hili si lako, sema nami.

Ndipo sauti ikatoka kwenye tarumbeta. Kubwa. Ilijaza chumba chote, hanga zikatetemeka. Ilisema, "Hodi."

Nilianguka kifudifudi. Nikasema, nena, mtumishi wako anasikia.

Sauti ikasema, "Mtumishi, mimi ni mkeo. Nimetoka kazini, miguu inaniuma. Kabati lako liko mlangoni."

Alikuwa nje, ameinama kwenye lile tundu la nyuma, maana kichwa cha spika Fundi Waya alikuwa amekifungua ili mzigo upungue. Wala hakukasirika. Alizungukia uani, akapita juu ya mabeseni yangu, akaingia kwa mlango wa jikoni, akaweka mkoba. Akaniuliza hili kabati nguo zinaingilia wapi. Akasema kwa upole kwamba kitu hicho kina sauti nzuri kuliko alivyotegemea.

Randa aling'oa mlango pamoja na fremu yake. Sasa yote manne yako ndani. Viti viko nje. Nimefunika Madebe kwa mashuka ya wateja ili wakija kuchukua nguo waone ni samani. Shuka moja lilikuwa fupi. Nguo ya kuazima haisitiri yote.

Jumamosi, 8 Juni

Kwenye daftari leo hakuna maneno mekundu, ila kuna alama ya vema kubwa pembeni, penye habari ya kuanguka kifudifudi. Mtoto alianza kufanya vizuri.

Asubuhi nimepiga pasi majoho kumi na moja ya kwaya. Sikuwa na pa kuyatundika, nikayatundika kwenye Makabati. Mama Watoto akatazama, akasema basi kweli ni kabati. Nadhani nimesamehewa.

Nyumba haina mlango. Jogoo wa jirani ameingia mara mbili, akasimama kwenye mdomo wa Debe akawika. Mtaa mzima ulitoka nje.

Adhuhuri Fundi Waya alikuja na amplifaya. Nilimwomba aunge Makabati tu. Mama Watoto alikuwa kwenye kiti pekee kilichobaki ndani, rundo la madaftari mapajani, kalamu mkononi. Kaseti ikaanza. Ubeti wa kwanza.

Daftari, nilijisikia.

Sina namna nyingine ya kuandika. Chini ya wote, pana, ya utulivu, kama sakafu ambayo wenzangu wamesimama juu yake. "Nabisha mlangoni pako." Ni mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na sikuwa na kitambi. Nililia kwenye joho la Mwalimu wa Kwaya, imebidi nilipige pasi upya. Mama Watoto aliacha kusahihisha. Kalamu ilikuwa imesimama hewani.

Ubeti ukaisha, umeme ukakatika. Haukurudi. Sina neno. Ubeti mmoja unanitosha, na kesho ziko tatu.

Kwa hiyo nimechagua. Makabati. Madebe sitayaunga kabisa. Nitayalaza mdomo chini, yatafaa kuwekea vikombe. Shemeji ameuliza kama nitayaunga na haya yake. Nimemjibu kwamba nyaya hazitoshi. Nyaya ziko chini ya kitanda, ndani ya soksi.

Jumapili, 9 Juni

Mchungaji amesema siku saba zikiisha, mtu atazame moyo wake. Nimeutazama. Unataka spika vilevile.

Walikuja wote. Mwalimu wa Kwaya alitangulia na fimbo yake, akasimama akitafuta pa kubisha, mlango hakuna. Akabisha kwenye ukuta. Wakaketi juu ya vifurushi vya nguo safi, kila kimoja na jina la mteja wake, nikawaomba wasijisugue. Nilimkuta Shemeji amenyamaza sana pembeni, amekaa juu ya zulia bila kusogea. Nikadhani ni aibu.

Kaseti ikaanza. Ubeti wa kwanza. Nikasimama karibu na Makabati, mikono nyuma, nimetazama dari. Sauti ya nne ikaja. Wote wakageuka. Sauti ya kwanza mmoja akashika kifua. Hata Shemeji alifungua mdomo akasahau kuufunga, samaki kamili. Mwalimu wa Kwaya alifumba macho. Kama ningekufa dakika ile, ungekuwa msiba mzuri.

Ubeti wa pili. Wenzangu kwenye kaseti wakaimba kwamba mlango umefunguliwa, wameingia. Na chini yao, pana, ya utulivu, yenye imani kamili, sauti moja ikaendelea kuimba, "Nabisha mlangoni pako."

Watu wakatazamana.

Ubeti wa tatu. Wenzangu wameketi mezani, wanamshukuru mwenye nyumba. Sauti ya nne bado iko nje inabisha. Kwa nguvu zaidi. Ilipokuja Amina waliitika wote, kukawa kimya, kisha ikaja Amina yangu, peke yake, nyuma kidogo, kama mtu aliyefika na mkokoteni.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Shemeji. Wa pili sikumwona, kwa kuwa wote walikuwa wameangukia vifurushi. Ndipo nikakumbuka. Karatasi ya maneno. Usiku wa kuamkia kurekodi nilifua majoho yote, na langu lilikuwa na karatasi mfukoni. Kilichonusurika kilikuwa ubeti wa kwanza. Nilidhani Bwana anaangalia moyo.

Mwalimu wa Kwaya alijifuta macho, akasema ana jambo la kuungama kabla hajafa. Alilisikia lile kosa tangu mazoezi ya asubuhi ile. Hakuwa na moyo wa kuniondoa, nilivyokuwa naimba kwa furaha. Akanihamisha nikae mbali na maikrofoni, mlangoni kabisa, akaniambia nisimame pale niwafungulie wageni. Miaka ishirini na mitano nimewasimulia watoto wangu kwamba baba yao aliaminiwa mlango.

Nilitaka kuizima. Mkono ulikuwa umeshafika. Shemeji akasema, "Ngoja, Shem. Irudishe ubeti wa tatu." Akanyanyua kona ya zulia. Alikuwa amekalia nyaya. Alizitoa kwenye soksi asubuhi wakati mimi niko ibadani, naye ametoroka ibada, akayarudishia Madebe vichwa vyake na kuyaunga ili asikike yeye. Alikuwa amezima swichi akingoja wakati wake. Sasa akaiwasha. Nikampokonya mtu kikombe chake, tukayainua Madebe mdomo juu.

Makabati na Madebe pamoja. Ubeti wa tatu. Uzito chini, na juu kila herufi wazi. Wenzangu wako mezani. Mimi niko nje nabisha. Na kando yangu, nyembamba, safi, sauti ya pili moja, ya kike, imeacha meza, imeacha wenzake wote, inaimba pamoja nami neno kwa neno, "Nabisha mlangoni pako."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote tukamtazama Mama Watoto.

Alikuwa anakusanya vikombe. Wakati ule hatukuwa hata wachumba. Alikuwa anasimama mwisho wa safu ya sauti ya pili, upande wa mlangoni. Nikamwuliza, mbele za watu, kwa nini aliharibu wimbo. Akasema, "Ningekaaje mezani, nawe uko nje?" Akabeba vikombe akaenda jikoni.

Shemeji ndiye aliyelia kwa sauti. Sauti ya tatu hulia vizuri, lazima niseme.

Tukairudia mara sita. Mara ya mwisho wote kumi na mmoja tuliimba ubeti wa tatu kwa maneno ya wa kwanza. Mwalimu wa Kwaya aliongoza kwa fimbo. Majirani walisimama penye mlango usiokuwepo.

Jumatatu, 10 Juni

Bwana asifiwe, daftari. Nimeamka na furaha. Fremu bado haijarudishwa, Randa anasubiri ovaroli zikauke. Nimepiga pasi nikiwa nje, chini ya dirisha, na mashuka yote yametoka na mikunjo mizuri.

Chini ya maandishi ya jana kuna wino mwekundu, mrefu kuliko kawaida: "Vizuri sana. Nimelia. Jozi moja itoke kabla ya Ijumaa. Chagua." Hiyo nadhani ilikuwa hesabu ya kutoa, ya jozi za viatu. Ila sielewi mwalimu alilia nini. Huenda mtoto alifaulu. Wino wenyewe umeng'aa kama wa leo asubuhi. Zamani walikuwa na wino bora.

Sasa sikiliza. Nimewaza. Jozi ya kwanza imemfunua Shemeji. Ya pili imenifunua mimi. Zote mbili pamoja zimemfunua Mama Watoto. Lakini kwenye kaseti ile tulikuwa kumi na wanane. Ni nani ajuaye wale wengine walikuwa wanafanya nini? Saba wametangulia mbele za haki, na hatujawahi kuwasikia sawasawa. Hii si tamaa ya macho tena. Ni huduma.

Fundi Waya anasema uwanja wa michezo unabadilisha spika zake. Ziko nne juu ya mlingoti, za tarumbeta, kubwa kuliko Madebe. Mlangoni hazipiti, hilo nimejifunza. Zitapitia paani. Shemeji tumeshapatana, atashika ngazi. Kamba nimeifua tena, ipo juani. Mama Watoto nitamwambia ni tangi la maji, maana kiangazi kimeanza na yeye hupenda kujiandaa.

Siku saba zinaanza leo. Naandika, naomba, nasubiri. Wewe nimekuhamisha kutoka kwenye rafu, naona koti lile limekuwa likisogezwasogezwa, pengine ni panya. Kuanzia sasa utakaa ndani ya tarumbeta ya Kabati la kushoto, kona ya pili ukiingia. Mama Watoto hafiki huko, ana mikono mifupi, labda atumie fimbo yake ya ubaoni.

Nikuulize tu kama rafiki: nianze na mbili au nichukue zote nne? Naomba unijibu mapema.